Kanisa Letu Limepakwa Rangi Nyekundu

Somo: 2 Samweli 13:1–22
Ujumbe wa ibada ya pili, Jumapili baada ya kambi ya wasichana

 

Wapendwa, fungueni 2 Samweli 13. Najua hii ni sura ambayo wengi wetu huipita haraka tukikimbilia Absalomu na kichwa chake kukwama kwenye mti. Mimi nimehubiri miaka kumi na tisa, na sijawahi kuisoma hapa mimbarani hata siku moja. Katika ibada ya kwanza, nilipoitaja tu, mama mmoja alifunika Biblia yake. Namwelewa. Lakini leo nawaomba tusiifunike.

Watoto wadogo wako kule nyuma na walimu wao, kwa hivyo nitasema wazi. Wale wa miaka kumi na miwili kwenda juu, bakini hapa. Haya ni maneno yenu.

Tamari alikuwa binti wa mfalme. Amnoni, ndugu yake wa baba mmoja, alimtamani mpaka akakonda. Binamu yake Yonadabu, mtu mwenye akili nyingi za kuharibu, akampa mpango: jilaze, jifanye mgonjwa, baba yako akija kukuona mwombe Tamari aje akupikie. Mfalme akaja, akaombwa, akamtuma binti.

Hapo tusimame kidogo. Ni nani alimpeleka Tamari kwenye ile nyumba? Ni baba yake. Hakuwa ametoroka nyumbani. Hakuwa disko. Hakuna mahali imeandikwa alivaa vibaya. Alitumwa na mzazi kwa ndugu mgonjwa, akatii, akakanda unga, akaoka mikate, kama msichana aliyelelewa vizuri. Sisi wazazi tunapenda sana watoto wa aina hiyo, wa kutumwa mara moja.

Sasa sikia. Amnoni alipomshika, Tamari alikataa. Alikataa kwa kinywa chake na akatoa sababu. Alimwambia jambo hilo halifanywi Israeli. Alimuuliza aibu yake ataipeleka wapi. Alimwonya kwamba yeye mwenyewe Amnoni atahesabiwa mpumbavu. Halafu akamwonyesha njia nyingine, azungumze na mfalme. Nimehesabu, ni hoja nne. Msichana ameshikwa kwa nguvu na anatoa hoja nne! Mwalimu gani wa stadi za maisha angemnyima alama?

Na haikumsaidia, kwa sababu Amnoni alikuwa amewatoa watu wote nje kwanza. Kukataa kwake kulikuwa kuzuri kabisa. Aliyekosekana ni mtu wa kumsikia.

Shikeni hilo, nitarudi hapo.

Mnajua kwamba likizo hii ya Agosti kanisa lilipeleka wasichana 46 kambini, siku tano, katika shule moja ya bweni upande wa Machakos. Walikuwa wa kati ya miaka 12 na 17. Nusu yao si wa kanisa letu. Ni watoto wa huku kwetu Mukuru: wanaolelewa na nyanya, wanaolea wadogo zao wenyewe, walioacha shule kwa sababu ya karo, na wawili ambao tayari ni mama. Huenda msichojua ni kwamba mimi niliikataa hiyo kambi mwaka mzima.

Wamama walinijia na wazo hilo wakiwa na nesi wetu, yule mnayemwona kwenye kwaya, ambaye kazi yake ya kila siku ni kupima watu na kuwapa ushauri. Walitaka wasichana wafundishwe juu ya virusi vya ukimwi, miili yao, pesa, na namna ya kujikinga. Mimi nikasema, mtawafungulia watoto mlango wa mambo wasiyoyajua. Mama mmoja, muuza mboga, akanijibu kwa heshima sana: “Pasta, wanayoyajua hawa watoto yatakutoa jasho. Kile hawajui ni watamwambia nani.” Nilinyamaza, lakini sikukubali. Nilikubali mwezi wa sita, na enyewe nilikubali kwa sababu walikuwa wamechanga pesa zote bila mimi.

Mimi ni wa kizazi kilichozika. Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi hapa nchini alitambuliwa mwaka wa 1984, na ilipofika Novemba 1999 Rais Moi akatangaza ukimwi kuwa janga la taifa. Miaka hiyo yote katikati tulikuwa makaburini kila Jumamosi tukisema ni malaria, ni TB, ni kurogwa. Kanisani tuliuita “ule ugonjwa” na kushusha sauti. Leo dawa zipo, zinatolewa bure katika hospitali za serikali, na watu wanaishi mpaka wanazeeka. Tumeacha kuogopa, lakini kuzungumza hatujaanza.

Basi nilikwenda kambini siku ya pili, nikakaa nyuma ya darasa kama mkaguzi.

Nesi alifundisha kwa lugha ambayo mtoto wa darasa la sita anaelewa. Virusi viko katika damu, katika majimaji ya tendo la ndoa, na katika maziwa ya mama. Haviko kwenye kikombe, kwenye kumbatio, kwenye choo, wala kwa mbu. Mama mjamzito mwenye virusi akimeza dawa zake anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye navyo. Mtu anayemeza dawa vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Na mtu hawezi kutambua kwa macho nani anavyo, hata kama ana gari safi na marashi. Alisema pia habari ya mipira ya kondomu. Nilitazama viatu vyangu. Mimi bado nahubiri kungoja mpaka ndoa na sitaacha, lakini alichosema ni kweli, na siwezi kumwombea mtoto ulinzi huku nikimficha ukweli.

Kulikuwa na sanduku la karatasi, la viatu, limetobolewa juu. Msichana anaandika swali bila jina, anatumbukiza. Jioni nesi anasoma na kujibu. Mtu akikulipia karo unaweza kumkataa? Ukipimwa leo na iseme huna, umepona? (Aliwaeleza kwamba maambukizi mapya yanaweza yasionekane bado, kwa hiyo mtu hurudi kupimwa tena baada ya muda anaoambiwa.) Sodo zikiisha na nyumbani hakuna pesa na mtu wa boda amesema atanunua, nifanye nini? Hilo la sodo liliulizwa na watu saba, kwa maandishi saba tofauti. Mkitaka kujua shetani anaingilia wapi katika mtaa wetu, msimtafute mbali. Wakati mwingine ameshika pakiti moja ya sodo na sahani ya chipsi.

Halafu nesi alikunjua karatasi moja, akaisoma kimya, akatembea mpaka nyuma nilipokaa, akanipa. Akasema, “Hii si yangu.” Ilikuwa imeandikwa: kama alinilazimisha, ni dhambi yangu?

Nilisimama mbele ya wale watoto na nikawaambia hapana. Nikarudia. Hapana. Mungu hamhesabii aliyeibiwa kosa la mwizi. Nilitaka kuendelea kuhubiri, lakini niliona wawili watatu wameinamisha vichwa kwenye madawati, nikaketi.

Kitu kingine kilichonipata huko, na hiki kinatuhusu sote. Kati yao yuko binti aliyezaliwa na virusi. Anameza dawa tangu akiwa mdogo. Matroni aligundua kwamba anazimezea chooni na kuzificha ndani ya mkebe wa mafuta ya nywele. Akamuuliza kwa nini, na wenzake ni watu wazuri. Akasema hakuwa akiwaficha wenzake. Alikuwa akinificha mimi. Aliwahi kuja hapa siku ya mkutano wa uponyaji, mhubiri mgeni akaambia watu watupe dawa kama wana imani, na mimi nilikuwa nimeketi pale pale nikisema amina.

Nilisema amina, wapendwa. Sikufikiri. Kwa hivyo leo naiondoa ile amina mbele yenu wote. Mungu wetu anaponya, nimeona, sitaacha kuombea wagonjwa. Lakini hakuna mtu katika kanisa hili atakayeambiwa aache dawa zake. Daktari ndiye aliyempa, na daktari ndiye atakayemwambia. Akija mhubiri mwingine hapa aseme vile, mnichukulie kipaza sauti hata kama nimekaa.

Siku ya tatu ndiyo ya ramani. Walipewa karatasi kubwa na kalamu za rangi, wakaambiwa kila mmoja achore mtaa wake: nyumbani, shule, mahali pa kuteka maji, stendi ya boda, dukani, daraja la mto, choo cha ploti, kila mahali anapopita. Halafu wapake. Kijani ni mahali unajisikia salama. Nyekundu ni mahali unaogopa. Manjano ni mahali panapotegemea saa na nani yuko.

Nilijua nyekundu itakuwa wapi. Mahali pa maji usiku, ndiyo. Kichochoro cha kando ya mto, ndiyo. Wengine walipaka nyumba zao wenyewe, na hiyo nilijikaza. Nilikuwa natembea katikati ya madawati nikitafuta kanisa letu, na nitawaambia ukweli, nilikuwa natafuta kijani. Nilikuwa na fahari kidogo. Hata nilikuwa nimeanza kuitunga mahubiri yake kichwani.

Ramani kumi na tisa zilikuwa na kanisa letu. Tatu zilikuwa kijani. Saba manjano. Tisa, nyekundu.

Tisa.

Niliuliza, kwa upole nilioweza, na hawakutaka kusema mbele yangu. Waliwaambia wamama baadaye. Ni kesha. Kesha letu la Ijumaa linakwisha saa kumi usiku, tunasema neema, tunazima jenereta, kila mtu na njia yake. Msichana wa miaka kumi na minne anatembea Mukuru saa kumi usiku kwa sababu kanisa limemaliza kuomba. Au anapewa lifti na mtu tunayemwita ndugu. Ni chumba cha vyombo vya muziki ambacho mlango wake hujifunga kwa ndani. Ni kutumwa: “Wewe, pelekea mzee chai ofisini.” Mnasikia Tamari hapo? Mtoto ametumwa na mtu anayemheshimu, amebeba chakula.

Sisi tumewafundisha wasichana hawa wasimkatalie mtu mzima. Shule ya Jumapili, nyumbani, kila mahali: shikamoo, ndiyo mzee, nakuja. Halafu tunawapeleka kambini siku tano kuwafundisha kusema hapana, na tunarudi nyumbani tumeridhika. Tamari alijua kusema hapana. Mtaa wetu umejaa wasichana wanaojua. Wanamwambia nani?

Tuendelee na sura. Baada ya tendo, Amnoni akamchukia na kumfukuza, akafunga mlango. Tamari akajipaka majivu, akararua vazi lake la binti mfalme, akaondoka akilia kwa sauti barabarani. Hakuficha! Ndipo Absalomu akamkuta, na neno lake kwa dada yake likawa nini? Anyamaze. Ni ndugu yako huyo, usiliweke moyoni. Absalomu alimpenda dada yake, siwezi kusema hakumpenda. Baadaye alimuua Amnoni kwa ajili hiyo, miaka miwili ikiwa imepita. Lakini siku ile alichompa ni kunyamaza. Naye Daudi alisikia habari yote akakasirika sana. Basi. Hasira tu. Hakuna aliyeitwa, hakuna aliyeulizwa, hakuna aliyeadhibiwa. Tamari akabaki nyumbani mwa kaka yake akiwa ameharibikiwa, na Biblia haituambii tena lolote juu yake.

Mimi nimewahi kuwa Absalomu.

Miaka mingi iliyopita, baada ya maombi ya Jumatano, binti mmoja alibaki nyuma. Alikuwa darasa la nane. Aliniambia kuhusu mtu wa ukoo wao aliyekuwa akiishi nao. Alisema kwa maneno machache, lakini nilielewa. Nilimwombea. Nilimwambia asimwambie mtu mwingine, tusije tukaaibisha nyumba, na kwamba nitalishughulikia. Nikaita wazazi, nikaita yule mtu, tukaketi sebuleni, tukanywa chai. Akaomba msamaha. Akaahidi kumlipia binti karo ya sekondari. Tukashikana mikono, nikafunga kwa maombi. Nilitembea kurudi nyumbani nikimshukuru Mungu kwa hekima.

Hakuna aliyempeleka yule mtoto hospitali. Hakuna aliyekumbuka. Na yule mtu aliendelea kulala nyumba hiyo hiyo.

Siku mbili baada ya kambi nilimtafuta. Ni mtu mzima sasa, ana kazi yake, anaabudu kwingine. Nilimwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakulia, hakunitukana. Akasema, “Nimekusikia, Pasta.” Akasimama akaenda. Sina kingine cha kuongeza hapo, na singependa mtu anifariji baada ya ibada.

Kwa hivyo kuna jambo moja lililotoka kwenye zile ramani ambalo liko kwa polisi na kwa afisa wa watoto. Sitalieleza, na msijaribu kukisia ni mtoto gani. Mzee mmoja aliniuliza kwa nini sikulimaliza hapa ndani, kikanisa. Kwa sababu niliwahi kulimaliza lingine.

Sasa andikeni, mwenye kalamu. Mtoto akikuambia amenajisiwa, kwanza mwamini. Pili hospitali, leo, si kesho baada ya kushauriana na shangazi. Kuna dawa za kuzuia virusi visishike mwilini, zinaitwa PEP. Lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa unayookoa ni faida. Humezwa siku 28. Zikipita siku tatu, mlango huo umefungwa, ingawa bado apelekwe, kuna msaada mwingine. Usimwogeshe kwanza. Nguo alizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki (plastiki zilipigwa marufuku 2017 lakini najua mnazo chini ya godoro). Hospitali haipaswi kukurudisha eti uanze polisi. Matibabu kwanza, halafu kituoni, dawati la jinsia, fomu ya P3. Nambari ya watoto ni 116, haitozi pesa. Ya dhuluma za kijinsia ni 1195, hata hiyo ni bure.

Na wanaume, tusikie sheria, maana wengine hatusikii Neno. Sheria ya Makosa ya Ngono ni ya 2006. Kumnajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini ni kifungo cha maisha. Wa 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 hadi 18, si chini ya 15. “Alikubali” haikusaidii, kwa sababu mtoto wa chini ya miaka 18 hana kibali cha kutoa. “Nilikuwa nikimlipia karo” haikusaidii. Na hakuna familia iliyopewa mamlaka ya kuibadilisha miaka hiyo iwe mbuzi.

Haya ndiyo tumekubaliana na wazee Alhamisi usiku, na haikuwa rahisi, wawili walitoka nje. Kesha litaendelea, lakini mtoto wa chini ya miaka 18 asiye na mzazi wake ataondoka saa moja jioni, au atalala hapa ukumbini na wamama mpaka kupambazuke. Kitasa cha chumba cha vyombo kimeng’olewa, mmeona shimo. Hakuna msichana kutumwa ofisini peke yake, kwangu mimi wa kwanza, chai nitajiletea. Kuna kabati kule kwa wamama lenye sodo, msichana yeyote anachukua bila kuulizwa jina wala kanisa. Sadaka ya Jumapili ya tatu ya kila mwezi inakwenda kwenye kabati hilo. Mkitoa kidogo litakuwa tupu, na mnajua ni nani atalijaza badala yetu.

Tena nesi atakuwa chini ya mti kila Jumapili baada ya ibada, na sanduku la maswali limehamia pale. Wavulana pia wanaruhusiwa kuuliza. Wao kambi yao ni Aprili, maana hatuwezi kuwafundisha kina Tamari peke yao tukamwacha Amnoni na Yonadabu wakae nyumbani wakishauriana.

Desemba wasichana watakwenda tena, na watachora tena. Nimewaambia wamama kwamba mimi sitaingia chumba hicho wakichora.

Tusimame tuombe. Baada ya neema, wanaume wote wanaotoa lifti watu wakitoka kanisani, wa pikipiki na wa magari, tukutane hapa mbele dakika kumi. Na mimi nabaki, nina gari.